Maswali yenu: Data inatosha au haitoshi?

SWALI: Habari mwalimu. Najiandaa na GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya shahada za uzamili za biashara, hesabu za kawaida sina shida nazo ila haya ya kuuliza kama data inatosha yananimaliza, hasa yenye makundi mawili yanayoingiliana. Kuna hili: wanafunzi 120, wangapi wanasoma Kifaransa pekee? (1) 30 hawasomi Kifaransa wala Kiarabu. (2) Wanaosoma Kiarabu ni 50. Nikasema E (yaani hata zikiunganishwa hazitoshi) kwa sababu hatujaambiwa wanaosoma zote mbili ni wangapi. Jibu eti ni C (moja moja haitoshi, ila zikiunganishwa zinatosha). Kivipi?

JIBU: Ndugu yangu, hao wa zote mbili nani kawauliza? Chora jedwali, mistari iwe Kiarabu ndiyo na hapana, safu ziwe Kifaransa ndiyo na hapana, halafu kabla hujaandika namba yoyote weka alama ya kuuliza kwenye chumba kinachotafutwa. Hapa kiko mstari wa wasiosoma Kiarabu. Taarifa ya 2 inakupa jumla ya mstari huo, 120 toa 50 ni 70, lakini ndani yake wamo wa Kifaransa pekee na wasiosoma chochote, kwahiyo peke yake haitoshi. Ya 1 nayo peke yake inakuacha na watu 90 usiojua wamegawanyikaje. Ziunganishe sasa, 70 toa 30 unapata 40, basi, C, na wale wa zote mbili hata leo hatujui ni wangapi na wala hatuna haja nao. Hapo ndo wengi wanaliwa, wanataka jedwali zima lijae wakati swali linauliza chumba kimoja tu.

Kingine ni asilimia. Ukiambiwa asilimia 20 ya wanaosoma Kifaransa wanasoma na Kiarabu, usikimbilie kuandika 24, hiyo ni asilimia 20 ya wanafunzi wote. Wa Kifaransa waite F, chumba cha zote mbili kiandike 0.2F, cha Kifaransa pekee 0.8F.

Tangu toleo jipya la 2023 maswali haya yako kwenye sehemu ya mtihani iitwayo Data Insights, maswali 20 dakika 45, na kikokotoo unaruhusiwa, ingawa kwa swali kama hili sioni cha kukokotoa.

SWALI: Na makundi yakiwa matatu?

JIBU: Hapo jedwali weka pembeni, chora miduara mitatu, na uangalie sana kama wamesema "mawili tu" au "angalau mawili", maana hao wa pili wanabeba na walioko kwenye yote matatu.