Modemu ya simu: mgeni alivyoingia mtandaoni zama za Windows 98

Mkuu, umeuliza modemu ya 56k, yaani kifaa cha kuingia intaneti kupitia laini ya simu, iliyomo kwenye hiyo kompyuta kuukuu ya Windows 98 ilitumikaje, na kwa nini wakubwa zako wanasema waliandika barua pepe intaneti ikiwa imekatwa. Hilo la pili ndilo lenye uzito, ila tuanze na nyaya.

Modemu ina matundu mawili yanayofanana. Lililoandikwa LINE huunganishwa na tundu la simu ukutani, la PHONE ni la kuchomeka simu ya mezani. Ukigeuza, modemu nyingine zilikubali na nyingine zilikataa, ukabaki na kosa 680: modemu haisikii mlio wa laini. Kosa hilo lilitokea pia pale mlio wa laini ulipokuwa tofauti na ule modemu iliotengenezwa kuusikiliza. Dawa yake ilikuwa kuandika X3 kwenye nafasi ya mipangilio ya ziada ya modemu, ili ipige namba bila kusubiri mlio. Ofisini, ambako lazima ubonyeze 9 au 0 kupata laini ya nje, uliweka tarakimu hiyo, kisha alama ya mkato (,), kisha namba. Mkato mmoja ni kusubiri kama sekunde mbili.

Ndani ya Windows unafungua Dial-Up Networking, unatengeneza muunganisho mpya, unajaza namba ya kampuni ya intaneti, jina la mtumiaji na neno la siri. Kwenye aina ya seva unaacha TCP/IP peke yake, ndiyo lugha ya mawasiliano ya intaneti. NetBEUI na IPX, lugha za mitandao ya ofisini, unaziondolea alama, maana hazina kazi hapo na huchelewesha kuingia. Ukipata kosa 691, yaani jina au neno la siri limekataliwa, kwanza tazama taa ya Caps Lock, kwa sababu neno la siri hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kosa 676 ni laini ya kampuni kuwa na shughuli. Jioni lilikuwa jambo la kawaida, na ulichoweza kufanya ni kuiachia programu ipige tena yenyewe. Kosa 678 ni namba haikupokelewa, basi ihakiki kwa kuipiga kwa simu ya mezani. Ukisikia mlio mkali wa modemu upande wa pili, namba ni sahihi na tatizo liko kwako.

Kuhusu kasi, usidanganywe na kilichoandikwa kwenye boksi. Hiyo 56k, yaani kilobiti 56 kwa sekunde, ni ya kupokea tu, na ni pale kampuni ilipokuwa na laini ya kidijitali kutoka kituo cha simu. Kutuma kulikomea 33.6k kwa modemu nyingi. Laini nzuri ilitoa 40 hadi 48k. Laini ya waya mkuukuu wenye maungio ya kutu ilishuka hadi 26k, na hapo kubadilisha modemu hakukusaidia kitu. Kipimo chake ni rahisi: inua simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, sikiliza. Ukisikia mikwaruzo, ubovu uko kwenye waya. Na kompyuta ikikuonyesha 115,200, hiyo ni kasi kati ya kompyuta na modemu, si ya laini. Watu walijigamba sana na namba hiyo.

Sasa hesabu. Kwa 45k, megabaiti moja huchukua kama dakika tatu, na wimbo wa megabaiti nne unapita dakika kumi na mbili. Picha ukiiambatisha kwenye barua pepe huongezeka uzito kwa karibu theluthi, kwa sababu hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kutumwa. Ulilipa ada ya kampuni ya intaneti, na juu yake dakika za simu. Kwa hiyo mjuzi alifanya kazi zake laini ikiwa imekatwa. Aliandika barua zote kwenye programu ya barua pepe kama Outlook Express au Eudora, akazipanga kwenye sanduku la kutoka, akaunganisha, akatuma na kupokea kwa pamoja, akakata, ndipo akaanza kusoma. Kurasa nazo alizifungua madirisha manne au matano kwa mpigo, akasubiri zijae, akakata na kuzisoma kwa utulivu. Aliyetafuta maandishi tu alizima picha kwenye kivinjari, na hatua hiyo iliokoa dakika nyingi.

Hapa ndipo wageni walipoumia zaidi: kufunga kivinjari hakukati simu. Dirisha linatoweka, laini inaendelea kuhesabu hadi bili ije. Lazima ubofye alama ya kompyuta mbili ndogo karibu na saa, kisha uchague kukata. Pia weka muunganisho ujikate wenyewe baada ya dakika tano za ukimya. Na mtu akiinua simu chumba kingine, umekatika. Faili kubwa lilianza upya, isipokuwa kama ulitumia programu ya kuendeleza upakuaji kama GetRight, na seva nayo ikawa inaruhusu.

Asiye na laini alikwenda intaneti kafe, na kanuni ilikuwa ileile. Barua ndefu iliandikwa kwanza kwenye Notepad, kwa sababu Hotmail ingeweza kukutoa ukiwa katikati ya kuandika, na maneno yote yakapotea. Kosa jingine la kila siku lilikuwa kuandika anwani ya barua pepe kwenye kisanduku cha anwani ya tovuti, au kuitanguliza www. Anwani yenye @ ni ya mtu, haihitaji www.

Kama unataka kuiwasha hiyo mashine, chomoa waya wa simu kila wingu la mvua linapotanda. Radi hupitia kwenye laini hiyo, na kuzima swichi ya umeme hakuikingi modemu.