Maswali ya Wasomaji: Ladha ya Shamba Inatoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shamba dogo la mizabibu, lisilofika nusu hekta, kwenye mteremko wenye mawe mengi ya chokaa. Nimesoma kwamba mawe ndiyo yanayoupa mvinyo ladha ya mahali ulipotoka, jambo ambalo Wafaransa huliita teruari, lakini mvinyo wangu ni mwepesi na hauna chochote cha kuutofautisha. Jirani ananishauri nipalilie mpaka udongo ubaki mtupu na nimwagilie kila wiki. Je, nimfuate?

JIBU: Ndugu msomaji, usimfuate kabla hujachimba shimo, na nitaeleza sababu.

Kwanza tuliweke sawa suala la mawe. Mzabibu haunyonyi ladha ya jiwe. Mizizi huchukua maji pamoja na madini yaliyoyeyuka, na kiasi kinachofika katika mvinyo ni kidogo mno kuweza kuonjwa, ingawa wauza mvinyo, ambao hadithi ya mawe imewafaa sana, hupenda kusema vinginevyo. Hata hivyo, mahali pana athari ya kweli. Katika Bourgogne, nchini Ufaransa, kuna viwanja 1,247 vinavyotambuliwa kila kimoja kwa jina lake, na UNESCO iliviingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2015. Viwanja viwili vinavyotenganishwa na njia nyembamba tu, vyenye aina ile ile ya zabibu, huweza kutoa mvinyo usiofanana.

Siri kubwa iko kwenye maji. Mtafiti Gérard Seguin, aliyechunguza mashamba ya Bordeaux, eneo jingine la mvinyo nchini Ufaransa, alionyesha kwamba mashamba bora ya huko hayakuwa na udongo wa aina moja: yapo ya changarawe, yapo ya chokaa, yapo hata ya mfinyanzi. Kilichoyaunganisha ni kwamba udongo wake ulipitisha haraka maji ya ziada, kisha ukaupa mzabibu yaliyobaki kidogo kidogo. Maji yanapopungua kwa kiasi kabla zabibu hazijaanza kubadilika rangi, machipukizi huacha kurefuka, punje hubaki ndogo, na ganda, ambamo rangi na tanini (ile inayoupa mvinyo ukakasi) hukaa, huwa jingi likilinganishwa na maji ya tunda. Anayemwagilia kwa kufuata kalenda hupata majani mengi, punje kubwa na wepesi huo huo unaoulalamikia.

Basi chimba shimo la kina cha mita moja hivi katikati ya safu, juu ya mteremko, na lingine chini yake. Chukua bonge la udongo ulibane kwa kidole gumba. Likivunjika kama makombo ya mkate na kuonyesha matundu ya minyoo, mizizi inapita bila taabu. Likipasuka vipande bapa vyenye kingo kali, udongo umeshindiliwa, na huenda ukaikuta mizizi imepinda ghafla na kutambaa kando kana kwamba imegonga sakafu. Mizabibu ya namna hiyo hukauka upesi jua likikaza, na kumwagilia juujuu kila wiki huizoesha kubaki huko huko juu.

Kuhusu palizi, udongo mtupu kwenye mteremko huondoka na mvua. Acha majani yaote kati ya safu, ukichanganya na mikunde michache, lakini usizidishe mikunde, kwa kuwa naitrojeni nyingi hurudisha ule wingi wa majani ya mzabibu. Maji yanapoanza kuadimika, yafyeke au uyalaze yawe matandazo. Mizabibu michanga pekee ndiyo inayohitaji eneo la chini ya shina libaki safi, kwa sababu bado haiwezi kushindana.

Dawa ya shaba dhidi ya ubwiri itumie kwa uchache. Shaba haiozi, hurundikana ardhini na kuwadhuru minyoo wale wale wanaokufungulia udongo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Kupunguza majani yanayozunguka vichala, upande unaopata jua la asubuhi, hukausha umande mapema na kukuokolea baadhi ya mizunguko ya kupulizia.

SWALI: Rafiki amenipa vipande vya matawi ya mzabibu wake. Nivichomeke ardhini moja kwa moja?

JIBU: Vitaota, lakini ni kamari. Mdudu filoksera, aliyetoka Amerika Kaskazini na kuangamiza mashamba ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1860, bado yupo sehemu nyingi na hushambulia mizizi ya mzabibu wa Ulaya. Ndiyo maana wakulima wengi hubebesha vikonyo, yaani vipande vya tawi, juu ya shina mama (shina la chini lenye mizizi) lenye asili ya Amerika. Isitoshe, matawi hubeba virusi visivyoonekana kwa macho, hivyo ni salama zaidi kununua miche iliyopimwa. Shina mama nalo lichaguliwe kwa udongo: penye chokaa nyingi, kama shambani kwa msomaji aliyetangulia, mashina mengi hushindwa kupata chuma na majani yakawa ya njano, ilhali lile liitwalo 41B huvumilia.