Ukitaka Kuongoza Uwanja wa Gofu, Anzia Kwenye Nyasi

Vijana wanaoniuliza kuhusu kazi za gofu karibu wote huanza na swali moja: ni lazima niwe mchezaji hodari? Si lazima, labda kama unataka kuwa mwalimu wa mchezo. Huko kuna kipimo cha uchezaji, na vyama vya wanagofu wa kulipwa kama PGA ya Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1901, au PGA ya Marekani cha mwaka 1916, hutaka uthibitishe kiwango chako. Kazi nyingine zote hazidai hivyo, ingawa kuujua mchezo kutakusaidia popote utakapowekwa.

Mimi nilifanya kazi na kikosi cha nyasi kabla ya kukalia kiti cha ofisini, na hata leo ndiyo njia ninayomshauri yeyote anayetaka kuwa meneja. Nyasi za grini, yaani eneo laini lenye tundu la kuingizia mpira, hukatwa mpaka kimo cha milimita 3 hivi. Mmea uliokatwa chini kiasi hicho hauna akiba. Ukikosa maji mchana mmoja wa jua kali, jioni unaona rangi imebadilika.

Omba upewe kazi ya kuhamisha tundu. Lina kipenyo cha milimita 108. Unashindilia kikatio, unakizungusha, unatoa kipande cha udongo na nyasi zake, kisha unakwenda kuziba nacho tundu la jana na kukikanyaga mpaka kilingane na ardhi. Kikibaki juu kidogo, mashine ya kukatia itakinyoa mpaka udongo uonekane. Kikizama, mpira utayumba. Lakini kabla hujakipachika, kitazame ubavuni: mizizi mirefu myeupe ni habari njema, mifupi ya kahawia, na udongo wenye harufu ya kuoza, ni dalili kwamba maji hayapiti. Meneja anayejua kusoma kipande hicho hahitaji kubembelezwa aidhinishe fedha za mchanga na za kutoboa grini.

Somo la pili ni muda. Ukiruhusu kundi la watu 4 lianze kila baada ya dakika 10, wanaanza 24 kwa saa. Punguza ziwe 8, wanakuwa 30. Kwenye karatasi mapato yamepanda. Uwanjani, hata hivyo, kwenye shimo fupi, yaani kipande cha uwanja ambacho grini yake hufikiwa kwa pigo moja, kundi haliwezi kupiga mpaka walio mbele wamalize na kuondoka kwenye grini, na wakitumia dakika 10 hapo, foleni itarefuka kila saa inayopita. Nimewasikiliza wageni waliosubiri hivyo, na naamini fedha zile hazilipi hasira yao.

Kazi za duka la vifaa, mgahawa, uhasibu, usimamizi wa makedi (wanaowabebea wachezaji fimbo) na uandaaji wa mashindano zipo, na wengi huingilia huko. Fundi wa mashine ndiye husahaulika. Kisu butu hakikati jani, hulichana. Ncha zinakauka na kuwa nyeupe, na ugonjwa unapata mlango. Fundi mzuri hatafuti kazi muda mrefu.

Zamani yote haya yaliweza kubebwa na mtu mmoja. Old Tom Morris, mchezaji wa Scotland aliyeshinda The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara 4 kati ya 1861 na 1867, alitunza uwanja wa St Andrews huko kwao na pia alitengeneza fimbo na mipira. Leo kuna shahada za usimamizi wa gofu, kama ile iliyoanza Ferris State University huko Michigan mwaka 1975, na masomo ya nyasi za viwanjani. Kasome, ila likizo zako zitumie uwanjani.

Siku ya usaili nawe uliza jambo: mvua kubwa ikinyesha, nani huamua kuzuia vigari vya wachezaji visiingie kwenye nyasi? Wakikujibu kwamba ni mkuu wa nyasi, na wengine humsikiliza, ichukue kazi hiyo hata kama mshahara wa kuanzia ni mdogo.