Fundi wa Kamalondo Anajibu: Bure, Huru na Printa ya Katuba

Barua za mwezi huu hapa Lubumbashi nyingi ni za Windows 10. Nyingine, kila moja kwa maneno yake, zinauliza jambo moja: hizi programu huria ninazozisifu kila mara, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzifungua, kuzibadilisha na kuzigawa, kuna nini ndani yake? Nimechagua tano. Nimezijibu usiku, saa umeme ulipokubali, kwa hiyo mkiona jibu limekatika mjue sababu.

Papa Fundi, nina laptop ya Core i3 ya mwaka 2015, RAM GB 4. Inaniandikia kwamba Windows 10 haihudumiwi tena. Nimeipeleka dukani mjini wakasema haiwezi kupokea Windows 11, ninunue nyingine. Mimi hela hiyo sina, na memwari yangu ya kumaliza chuo naitetea Julai. Nifanye nini? — Mwanafunzi, Kasapa

Mwanangu, usinunue kitu. Dukani hawakukudanganya: huduma ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Ya kwako labda ni ya 5. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha. Lakini tuambiane ukweli, wewe na mimi: Windows yako ni ya kukraki, yaani imevunjwa kufuli bila kulipiwa, kama za nusu ya Kasapa. Utajiandikisha wapi?

Hata hivyo mashini yako ni nzima. Kibodi inaandika, kioo kinawaka. Tafuta flashi ya GB 8, ipakie Linux Mint, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows; chagua ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Faili lake ni karibu GB 3. Kama mega zako za intaneti hazitoshi, pita kwangu na flashi nikunakilie. Leseni yake inaruhusu kunakili, kwa hiyo hakuna anayeibiwa hapo. Washa laptop kwa kupitia hiyo flashi. Mfumo utafunguka wote bila kugusa diski yako. Jaribu wifi, sauti, na hasa printa. Ukichomoa flashi na kuwasha upya, Windows yako iko palepale. Siku ukipata dola ishirini au thelathini, toa diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Hapo utadhani umenunua mashini nyingine.

Lakini usibadilishe mfumo kabla ya Julai. Nakuomba kabisa. Nina sababu, na sababu yenyewe inaniaibisha.

Mwaka 2019 kuna mama wa Katuba, mwenye sekretaria ya kuchapa na kutoa kopi, aliniita nimwondolee virusi kwenye mashini zake mbili. Ulikuwa mwezi wa sita, wanafunzi wamejaa kwenye benchi na memwari zao. Mama akaenda sokoni. Mimi, kwa joto la mtu aliyeona mwanga, nikafuta Windows zote mbili nikaweka Linux. Nilitaka akirudi ashangae.

Alishangaa kweli. Printa yake, ya bei ndogo, ilitoka kwa mtengenezaji ambaye hakuwahi kuandika draiva ya Linux, yaani programu ya kuiongoza printa hiyo. Tulipoituma ukurasa wa kwanza ilitoa mstari mmoja wa alama zisizosomeka, halafu karatasi nyeupe, halafu nyingine nyeupe, na haikukubali kusimama mpaka nilipochomoa waya ukutani. Kijana mmoja alikuwa ameandika memwari yake yote kwa herufi za Bookman Old Style. Herufi hizo hazikuwemo, mfumo ukachukua nyingine nyembamba zaidi, na kurasa 91 zikawa 84. Jedwali la yaliyomo likawa linaonyesha kurasa zisizohusika. Kijana alikaa kimya akitazama kioo. Mama ndiye aliyesema: «Fundi, ulisema ni ya bure. Mbona ninayelipa ni mimi?»

Siku tatu zilipita kabla sijamrudishia alivyokuwa. Rimu mbili za karatasi nilinunua mimi.

Tangu hapo sianzi na mfumo, naanza na programu. Nawe fanya hivyo leo, ndani ya hiyo hiyo Windows: pakia LibreOffice ya kuandikia, Firefox ya intaneti na VLC ya video. Memwari iandike kwa Times New Roman, kwa sababu LibreOffice inakuja na herufi za Liberation Serif ambazo upana wake ni uleule, herufi kwa herufi; hata ukihamia mashini isiyo na Times, kurasa hazitacheza. Direkta anayesimamia memwari yako mpelekee faili la docx la kusahihisha, na PDF ya kusoma. Ukishatetea, uje tubadilishe.

Fundi, hapa Lubumbashi hakuna kitu cha bure. Mtu akikupa bure, kuna anachotafuta. Hao wanaoandika Linux wanakula nini? Na kama ni bure tu, hata Windows yangu ya kukraki nilipewa bure. — Mfanyabiashara, komini ya Kenya, Lubumbashi

Ndugu yangu, wewe ndiye msomaji ninayemtaka. Wenzangu wengi wanaopenda Linux wanakuja kwako na hoja ya bei, na bei hapa kwetu si hoja. Hakuna anayelipa dola 139 za Windows huku, kwa hiyo unamwokoa na nini?

Shida ni hilo neno. Kiingereza kina neno moja, «free», kwa bure na kwa huru, na wenyewe wamehangaika nalo zaidi ya miaka arobaini. Sisi tunayo mawili, na hilo la bure lina ubaya wake: ukisema «nimeenda bure» maana yake umepoteza muda. Mimi nauza huru. Bure ikija juu yake, ni nyongeza ya muuza mboga.

Jambo lenyewe lilianza na printa, na nikikumbuka Katuba nacheka peke yangu. Mnamo 1980, Richard Stallman alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani. Printa ya zamani ya pale, karatasi zikikwama, iliwapelekea watu ujumbe, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameibadilisha programu yake. Ikaja printa mpya ya leza kutoka Xerox, nayo inakwama, lakini programu yake imefungwa. Akaenda kwa mtu wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Yule akakataa kumpa, alikuwa ametia sahihi kwamba hatamwonyesha mtu. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU: mfumo mzima ambao mtu yeyote ataweza kuufungua, kuubadilisha na kumpa jirani. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, Linus Torvalds, akaleta kiini, ile sehemu ya ndani inayoendesha mashini, kilichokuwa hakijakamilika upande wa GNU. Ndiyo Linux.

Wanakula nini? Sehemu kubwa ya wanaoandika kiini hicho leo ni waajiriwa. Intel, Google, Red Hat na wengine wanawalipa mshahara, kwa sababu kampuni hizo zinakihitaji na hakuna hata moja inayotaka kukibeba peke yake. Ni kama likelemba, ule mchango wa kupokezana hela kwa zamu, ila hapa zamu ya kupokea ni ya kila mtu kila siku. Simu ya Android unayopokelea hela za wateja wako inaendeshwa na kiini cha Linux. Zile kompyuta kuu 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 zote ziko kwenye Linux. Haya si mambo ya vijana wa mtaani wasio na kazi.

Sasa sehemu ambayo wenzangu hawapendi niiseme. Kuna programu ndogo ndogo zinazotumika kila mahali na zinabebwa na mtu mmoja, jioni, baada ya kazi yake. Moja inaitwa XZ, inabana mafaili. Aliyekuwa akiitunza kwa hiari alikuwa ameshaandika hadharani kwamba nguvu zake ni chache. Akajitokeza msaidizi, kwa jina la Jia Tan, mpole, mchapakazi. Alisaidia zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa funguo, kisha akaingiza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft (naam, Microsoft), aliona kuingia kwenye mashini yake ya majaribio kunachelewa kama nusu sekunde. Mtu mwingine angenyanyua mabega. Yeye akafukua mpaka akaukuta, akatangaza kwa wote kabla haujasambaa sana.

Kwa hiyo usiniamini nikikuambia kitu huria hakina mwizi. Mwizi alikaa ndani miaka miwili. Ila Freund hakuomba ruhusa kwa mtu ili afungue na kutazama. Hiyo Windows yako ya kukraki, aliyeivunja ni nani? Alipoivunja aliacha nini ndani? Nimefungua nyingi hapa mezani, na masasisho karibu yote yamezimwa, antivirusi imezimwa, ili zile «funguo» za kukraki zisikamatwe. Na wewe unaandikia humo madeni ya wateja.

Mukubwa, kobalti inatoka kwetu, shaba inatoka kwetu. Simu inarudi inasema Kifaransa na Kiingereza. Hii programu huria inatubadilishia nini? — Mwalimu, Ruashi

Mwalimu, bei ya kobalti haitabadilika kwa Linux. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, malori yanashuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana, na hakuna laini ya msimbo itakayoyafanya yapite polepole. Anayekuambia vingine anatafuta kura.

Lugha ni habari nyingine. Kwenye programu iliyofungwa, Kiswahili kinaingia siku mwenyewe akiona kina soko. Kwenye ile huria unaanza tu. Mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafsiri OpenOffice, mama yake LibreOffice, wakaiita Jambo OpenOffice. Wikipedia ya Kiswahili iko tangu 2003. Common Voice ya Mozilla inakusanya sauti za watu wanaosoma sentensi, na Kiswahili kimo, ili mashini zijifunze kutusikia.

Hapo nina lalamiko. Nani hapa Lubumbashi anasema «tarakilishi»? Kompyuta sisi tunaiita ordi, na mtoto anajua. Siwalaumu wa Dar, walifanya kazi yao. Sisi hatukuwepo. Mashini ikisikia sauti za Dar na Nairobi tu, siku bibi wa Katuba atakapoiambia «njo vile», yaani ndivyo hivyo, itamwomba arudie. Wanafunzi wako ishirini, simu moja, nusu saa kila Jumamosi wakisoma sentensi kwa sauti zao za Ruashi. Hilo unaweza kulianza bila barua ya wizara.

Shule yetu iko upande wa Kipushi, tuna kompyuta sita, intaneti hakuna. Zinatufaa nini zaidi ya kuchapa mitihani? — Mkuu wa masomo

Kiwix. Ni programu inayosoma nakala ya Wikipedia nzima iliyowekwa kwenye diski, bila intaneti. Nakala ya Kifaransa ni kubwa, leteni diski ya nje; isiyo na picha ni ndogo zaidi. Ya Kiswahili inaingia hata kwenye flashi. Intaneti ilipokatwa nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, karibu siku 20 tulikaa gizani, na watoto wa jirani walikuwa wanakuja kwangu kufanya kazi za shule kwenye simu yangu yenye Kiwix na kioo kilichopasuka. Kuiweka kwenye mashini sita ni asubuhi moja. Mimi nitakuja, nauli na sahani ya bukari (ugali) tu.

Fundi, wewe mwenyewe hakuna kitu kisicho huria unachotumia? Sema kweli. — Msomaji, Kampemba

Kipo. WhatsApp, kwa sababu mama yangu yuko Likasi na yeye hahamii kwingine kwa ajili ya mawazo yangu. Hela za wateja zinaingia kwa simu, na programu ile sijawahi kuona ndani yake. Na wifi ya hii laptop ninayoandikia haikukubali kuwaka mpaka nilipoipakia faili la mtengenezaji lililofungwa kabisa. Nililipakia usiku, mwanangu akiwa amelala. Yeye ndiye ninayemfundisha Linux.