Re: Vespa PX inafuka moshi wa bluu

Salama ndugu. Unasema Vespa yako, skuta ya injini ya mipigo miwili, inafuka hata injini ikishapata moto, na fundi anataka kuifungua. Mzuie kwanza. Anza na mchanganyiko wa petroli na oili: oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita ya petroli. Pima kwa chupa yenye alama, usikadirie pale kituoni, na usitie oili ya gari.

Kisha toa plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, safisha chujio la hewa na kabureta.

Moshi ukibaki, tazama oili ya gia. Ikipungua bila kudondoka chini, shuku sili ya krenki (raba inayozuia oili ya gia isiingie ndani ya injini) upande wa klachi: ikiharibika, injini huinywa oili hiyo. Yangu ilikuwa hivyo. Hapo mwache fundi afungue, na ekzosi isafishwe, maana oili iliyobaki humo huendelea kufuka.