Maswali na Majibu: Gari Linapokataa Kona

*Mimi ninaendesha Golf GTI. Nikiingia kona kwa kasi, pua ya gari inakwenda nje hata nikizidi kukata usukani. Rafiki ananishauri nifunge nondo nene zaidi ya stabilizeta, ile inayozuia gari lisilale kwenye kona, upande wa mbele. Je, ananishauri vema?* (Msomaji wa mtaa wa Golf, Lubumbashi)

Golf ndani ya Golf: tuanze hapo. Rafiki yako ana dawa nzuri, ila anaipaka mahali pasipouma. Gari likiwa katika kona, uzito huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje, na tairi lililobebeshwa uzito maradufu halishiki barabara maradufu. Kwa hiyo ekseli inayozuia zaidi gari lisilale ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito unaohama, na ndiyo inayotangulia kuteleza. Ukikaza mbele, pua itazidi kwenda nje. Kaza nyuma, au legeza mbele. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, nondo nene ya nyuma ndiyo ninayoipendelea mimi, mradi usisahau kwamba nyuma iliyokazwa mno, inayopendeza kwenye lami kavu ya Julai, inaweza kukugeuza ghafla mvua za Januari zikinyesha, hasa ukiondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona.

Hata hivyo, usifungue mfuko kabla ya kupima upepo wa matairi asubuhi, yakiwa baridi, na kuubadilisha kwa hatua ndogo ya 0.1 bar. Kagua pia bushi (mipira ya maungio) za mikono ya chini inayoshika magurudumu, kwa maana mashimo yetu huzimaliza upesi, na gari lenye bushi zilizochoka halirekebishiki kwa kifaa chochote. Na uniwie radhi: je, huingii kona hizo kwa kasi iliyopita kiasi tu? Jaribu kufunga breki mapema kidogo kabla ya kulaumu chuma.

*Nilikata resori (springi) za BMW yangu ili ishuke. Sasa, nikipita kwenye bonde dogo katikati ya kona, nyuma inaruka kama mbuzi.* (Msomaji wa Kampemba)

Resori iliyokatwa huwa ngumu zaidi na fupi zaidi kwa pamoja, na huo ufupi ndio unaokutesa: shokamzoba, au amotisere kama tunavyozoea kusema hapa, inakosa nafasi ya kushuka, inagota kwenye mpira wa mwisho, na kufumba na kufumbua ekseli ya nyuma inakuwa kama haina resori kabisa. Funga kamba ndogo ya plastiki kwenye mti wa shokamzoba, endesha kidogo, kisha tazama imesukumwa hadi wapi. Ikikutwa imefika kwenye mpira, una jibu lako. Tafuta resori zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo na ulirudishe juu. Kwa barabara ya Likasi inayopitiwa na malori ya madini, gari laini linaloacha matairi yaguse lami wakati wote litaliacha nyuma gari gumu linalorukaruka.

*Shokamzoba zangu zina kirungu cha kurekebisha. Nikaze hadi wapi?* (Msomaji wa Bel-Air)

Inategemea tatizo linatokea wapi. Shokamzoba hufanya kazi wakati gari linaanza kulala au linainuka, yaani mwanzoni na mwishoni mwa kona. Katikati ya kona ndefu, bodi ikiwa imetulia na lami ni sawa, kirungu hakitakusaidia. Badilisha hatua moja au mbili tu, ekseli moja kwa zamu, ya mbele au ya nyuma, kisha uandike ulichobadilisha.

*Nililaza vichwa vya magurudumu ya mbele ndani kwa digrii 2, na sasa matairi yanaliwa upande wa ndani.* (Msomaji wa Kamalondo)

Digrii 2 peke yake hula tairi polepole. Ninachoshuku zaidi ni paralelismu, yaani mwelekeo wa magurudumu mawili yakitazamwa kutoka juu: kwenye magari mengi, ukibadilisha mlalo wa gurudumu, mwelekeo wake nao hubadilika, na magurudumu yanayotazama nje hukwangua mpira kila mita unayotembea. Rudi garajini, upime paralelismu baada ya mlalo, wala si kabla, na umwombe fundi akuruhusu ukae kwenye kiti cha dereva wakati wa kupima, ili uzito wako nao uhesabiwe.