Mkoba wa dharura wa mwanaredio: maneno kwa wanaoanza hapa Tanga

Ndugu zangu mliopata leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, juzi juzi na mkapewa jina la kituo linaloanza na 5H, hongereni. Najua kila mmoja sasa anawaza anunue redio gani. Mimi naomba tuanze na betri, waya na kamba, maana siku ya dharura hivyo ndivyo vinavyoamua kama utasikika.

Dharura tunazijua. Mapema Mei 2024 TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ilitahadharisha watu wa pwani juu ya Kimbunga Hidaya, na tarehe 12 ya mwezi huohuo mikongo ya chini ya bahari ikawa imekatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Hayo ni mambo mawili yasiyohusiana kabisa, ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo mkoba ukae umefungwa, na kila kilichomo kiwe cha mkoba peke yake. Kebo uliyoichomoa ukaitumie kwenye redio ya mezani, ihesabu kuwa haimo.

Sasa betri. Redio ya wati 100 inakula kama ampea 1 ikisikiliza na kama 20 ikirusha kwa nguvu zote. Ukisema sehemu moja ya kumi ya muda na kusikiliza uliobaki, wastani ni karibu ampea 3. Betri ya Ah 20 (yaani ampea 20 kwa muda wa saa moja, au ampea 1 kwa saa 20) haikufikishi saa saba. Shusha nguvu hadi wati 20, urushaji uwe kama ampea 8, na betri ileile inakaribia saa kumi na mbili. Anayekusikiliza atakuona umeshuka alama moja na kidogo tu kwenye mita yake ya nguvu ya mawimbi. Ni biashara nzuri sana hiyo, na wageni wengi hawaifanyi. Nunueni LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu, mkiweza: ya Ah 20 ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Ya risasi na asidi ni nzito zaidi ya mara mbili, na ukiitumia kupita nusu unaiua. Fyuzi ikae karibu na betri, katika waya chanya. Paneli ya sola beba, ila masika msiitegemee, na kontrola yake ya kuchaji ikileta kelele kwenye redio ichomoeni wakati wa kusikiliza.

Antena ndiko kwenye utamu. Redio kol ya wati 5 kwenye 145.500 MHz inatosha Ngamiani kuzungumza na Raskazone, humu humu mjini. Lushoto je, huko ndani ya milima ya Usambara? Au Dar es Salaam, kilomita kama 200? Huko mnahitaji mawimbi yapande karibu wima, yagonge anga ya juu na kurudi chini. Dipoli ya 7 MHz, yaani antena ya waya unaolishwa katikati, mita 10 kila upande, ikitundikwa mita 3 au 4 tu kutoka ardhini, inafanya kazi hiyo vizuri. Wengi hudhani antena lazima iwe juu kabisa. Kwa umbali huu mfupi si lazima. Mchana tumieni 7.110 MHz, usiku mshuke 3.760 MHz, ambazo zimetengwa kwa dharura katika Kanda ya 1 ya wanaredio duniani, ambayo Afrika imo. Kwa 3.760 ongezeni kipande cha mita 9 kila upande, kiwe tayari mkobani.

Kupandisha waya kwenye mwembe, tumieni mshipi wa wavuvi na chubwi, vyote vinapatikana kwa wavuvi wa Deep Sea. Angalieni nyaya za umeme kwanza, kila mara. Kamba iwe ya nailoni. Katani naipenda kama mtu yeyote wa mkoa huu, lakini inanyonya maji na inaoza.

Adui wetu mkubwa ni hewa ya chumvi. Shaba inaota kutu ya kijani, na plagi iliyokuwa safi Januari inakataa masika. Fungeni kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mzuri, pakeni grisi kidogo kwenye vichwa vya betri, mfungue na kukagua kila mwezi.

Vingine ni vidogo: tochi ya kichwani, koleo, tepu, maji, nakala ya leseni, penseli badala ya kalamu ya wino.

Halafu nendeni Pongwe au ufukweni siku ya Jumapili, mfunge kituo bila kurudi nyumbani kuchukua kitu. Mtakachokikosa, kiandikeni.

Na fomu za kuandikia ujumbe mnaoupokea na kuutuma. Hapa naomba umakini wenu wote. Jirani akisema mgonjwa alizidiwa saa nne asubuhi, saa yako ya tarakimu inasoma 10:00, na kituo cha mbali kinaandika 07:00 UTC, saa ya kimataifa. Namna tatu za kutaja saa kwa tukio moja. Msemaji asipotaja, mwulizeni ni asubuhi au usiku, mwandike 10:00 EAT (saa ya Afrika Mashariki) na 07:00 UTC kwenye mstari mmoja, kisha msome zote mbili hewani.